Kiti Chepesi na Mgongo wa Mtu: Somo la Fizikia juu ya Ndege Ndogo



Hapa Uvira hakuna mtu asiyejua ndege ndogo. Mawingu yakiondoka tunaziona zinashuka ng'ambo, kwenye uwanja wa Bujumbura. Wenzetu waliozaliwa Haut Plateau wanazijua kuliko sisi, maana huko juu barabara ni ya taabu, na mgonjwa akizidiwa watu wanatega masikio kusikia kama moteri inakuja. Lakini kuna kitu kimoja ndani ya ndege ambacho kila mtu anakikalia na hakuna anayekifikiri. Ni kiti. Leo tunataka kukiangalia: namna gani kinapunguzwa uzito, namna gani kinampumzisha mtu, na juu ya nini yule anayetafuta wepesi na ulaini ovyo anaweza kuvunja mgongo wa abiria wake. Kalasi za sayansi watakuta hesabu. Wengine wasikimbie, hesabu si nyingi.

Hewa yetu haibebi sana

Tuanze na hewa, kwa sababu bila hiyo mtu atauliza: "Kilo tatu iko nini kwa ndege nzima?" Bawa la ndege linabebwa na hewa, na moteri inapumua hewa. Hewa ikiwa nyepesi, bawa linabeba kidogo na moteri inachoka. Sasa ziwa letu liko karibu mita 773 juu ya bahari. Siku yenye joto la digrii 30, hewa ya hapa ufukweni ina uzito pungufu, kama sehemu 13 katika mia, kuliko ile hewa ya bahari ambayo watengenezaji wa ndege wanaitumia katika hesabu zao. Ukipanda mpaka Kavumu uko kwenye mita 1,700 na zaidi. Ukifika Minembwe umepita mita 2,000, na kwenye mita 2,300 pakiwa na joto la digrii 22, karibu robo nzima ya uzito wa hewa haipo tena. Ndege ile ile, piloti yule yule, lakini sasa inahitaji uwanja mrefu zaidi kabla ya kuacha ardhi, na milima ya Mitumba iko mbele yake, mingine inapita mita 3,000.

(Tukumbushe kwamba ndege zilifika kwenye ziwa hili zamani sana. Mwaka 1916, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, ndege za maji za Wabelgiji zilizotengenezwa kwa mbao na kitambaa zilitoka karibu na Mtoa, upande wa Kalemie, zikaenda kutupa mabomu Kigoma. Hata hizo zilipaswa kuhesabu kilo.)

Tuchukue ndege moja ambayo misioni nyingi wameitumia Afrika, Cessna 206. Ina viti sita na moteri moja. Uzito wake wote wakati wa kuruka, kwa zile za kawaida, hauruhusiwi kupita kilo 1,633. Tuseme ile yetu ikiwa tupu, pamoja na vyombo vyake, ina kilo 980. Kila ndege ina namba yake, imeandikwa kwenye karatasi zake. Zinabaki 653. Ondoa piloti wa kilo 75: zinabaki 578. Tia esanse ya ndege litri 200. Litri moja ina kilo 0.72, basi ni kilo 144: zinabaki 434. Abiria watano wa kilo 70 kila mmoja ni 350. Kilichobaki kwa mizigo yote ni kilo 84. Watu watano wakitoka sokoni Uvira na kilo 84 tu za mizigo, kila mmoja wetu anaona shida iko wapi. Mfuko mmoja wa mchele, mabidoni mawili ya mawese, na bado hatujatia sanduku la dawa.

Sasa tuseme kila kiti cha abiria kina kilo 11, na fundi anaweza kutengeneza kingine cha kilo 8 chenye nguvu ile ile. Kilo tatu mara viti vitano ni kilo 15. Kilo 15 ni litri 21 za esanse, na ndege hii inakunywa kama litri 57 kwa saa. Ni dakika 20 na zaidi kidogo. Piloti akikuta ukungu umefunga uwanja, dakika 20 ndizo za kurudi Bujumbura au za kutokurudi. Basi kilo tatu si kitu kidogo. Na zile kilo 15 zinapatikana kila safari, mwaka mzima, bila kumwambia mama yeyote aache mfuko wake.

Na wasitudanganye wale wanaosema ndege "inaweza kubeba tu, Mungu anasaidia". Tarehe 8 Januari 1996, Kinshasa, Antonov moja ilijaribu kuruka toka uwanja wa N'Dolo ikiwa na mzigo kupita kiasi. Haikuruka. Iliingia katika soko la Simbazikita, na watu zaidi ya 200 wakafa, ambao wengi wao hawakupanda ndege hata siku moja.

Umbo halina kilo

Mtu akitaka kiti kiwe kizuri anafikiri mara moja sponji nene. Tunapinga. Sponji si mbaya, lakini si kitu cha kwanza.

Ukiketi, uzito wako unashuka juu ya mifupa miwili ya matako. Kaa juu ya mikono yako sasa hivi, utaisikia. Ukiketi juu ya ubao tambarare, kama mabanki ya darasa letu, sehemu kubwa ya uzito inakaa pale pale. Fizikia inasema: mgandamizo ni nguvu ukigawanya kwa eneo. Nguvu ya nyutoni 600 juu ya sentimeta za mraba 100 ni nyutoni 6 kwa kila sentimeta. Nguvu ile ile juu ya sentimeta za mraba 1,000 ni 0.6 tu. Mwili haulalamiki juu ya uzito. Unalalamika juu ya mahali padogo panapobeba uzito, kwa sababu damu haipiti vizuri pale.

Wazee wetu walijua. Angalia kigoda kilichochongwa: juu hakiko tambarare, kina shimo dogo linalofuata mwili. Hakina sponji, na mzee anakikalia asubuhi mpaka jua linapozama nyuma ya ziwa la mawazo yake. Fundi aliyechimba lile shimo aliongeza raha, na tena alipunguza uzito, maana mbao zilizotoka hazikurudishwa. Hilo ndilo somo kubwa kwa mtu wa ndege: umbo zuri halina kilo, unene una kilo. Kiti kiinuke kidogo mbele ili mapaja yabebwe, lakini ukingo usikate damu nyuma ya magoti. Mgongo uegemee kidogo nyuma, na pale kiunoni pawe na kitu kinachousukuma mbele kidogo, sawa na ngumi iliyofungwa. Mtu akipewa hayo, safari ya saa mbili anaimaliza bila kushuka kama mzee wa miaka tisini.

Kuna njia nyingine, ya kitambaa kilichovutwa kati ya tiyo mbili. Kitambaa chenyewe kinachukua umbo la mwili. Ni kama kile kiti cha kukunja ambacho wazee wanaweka barazani jioni. Ndege ya Piper Cub, inayojulikana dunia nzima, ilikuwa na kiti cha namna hiyo. Na kuna matete. Tunacheka matete, tunasema ni vitu vya maskini, lakini mwaka 1927 Lindbergh alipotoka New York mpaka Paris peke yake, saa 33 na nusu angani, alikaa juu ya kiti kilichosukwa namna ya kikapu. Alichagua kwa sababu ya kilo. Mtu huyo alikata hata kingo za ramani zake ili ziwe nyepesi! Ndege nyingi za abiria za miaka ile zilikuwa na viti vya namna hiyo. Wasukaji wa vikapu huku kwetu, penye matete ya Ruzizi, wangepata kazi.

Chuma au aliminiyu

Juu ya mifupa ya kiti tutapita haraka, maana walimu wa ufundi watatuandikia siku nyingine. Aliminiyu, ile ya sufuria, kwa ukubwa ule ule ina uzito kama theluthi moja ya chuma. Lakini mtu asitoe tiyo ya chuma akaweka ya aliminiyu ya kipimo kile kile akafikiri ameshinda: aliminiyu pia inapinda karibu mara tatu zaidi. Dawa yake tunaiona katika mwanzi. Mwanzi ni mpana na ukuta wake ni mwembamba. Ukichukua uzito ule ule wa tiyo ukaufanya kuwa mpana mara mbili, ugumu wake wa kutokupinda unakuwa mara nne. Usizidishe tu, ukuta ukiwa mwembamba sana utabonyea sawa na kopo la maziwa. Tena aliminiyu inachoka: inatikiswa miaka mingi, halafu siku moja inapasuka mahali palipochomewa. Ndiyo sababu mekanisia wengi bado wanapenda tiyo nyembamba ya chuma kizuri, ambayo inachomewa na kuchunguzwa bila mashaka.

Kiti lazima pia kikae mahali pake. Katika ndege nyingi za Cessna kiti cha piloti kinateleza juu ya reli mbili, na pini inaingia katika tundu kukifunga. Tundu zikilika, pini inatoka. Piloti anaongeza moto, pua ya ndege inainuka, kiti kinarudi nyuma naye, mikono haifiki tena. Watu wamekufa hivyo, na mwaka 1987 serikali ya Marekani iliamuru reli na pini hizo zichunguzwe mara kwa mara. Mtu anaweza kuhesabu kilo vizuri sana akaangushwa na tundu moja ya reli.

Sponji inayodanganya

Hapa ndipo tunaomba msomaji asimame kidogo, maana ndiyo sehemu watu wengi hawaijui.

Kiti kina kazi ya tatu. Ya kwanza ni kubeba, ya pili kupumzisha. Ya tatu inafanywa mara moja tu katika maisha ya kiti, kwa nusu ya sekunde au chini yake: ndege inapopiga ardhi vibaya, kiti ndicho kinachosimama kati ya ardhi na uti wa mgongo.

Tufanye hesabu ndogo. Kitu kikianguka kimo fulani na kusimamishwa katika urefu fulani, nguvu inayokisimamisha, ukiilinganisha na uzito wake, ni kama kimo ukigawanya kwa urefu wa kusimama. Yai likianguka toka mita 1 na kusimama katika sentimeta 1, linapigwa na nguvu kama mara 100 ya uzito wake. Likisimama katika sentimeta 20, ni kama mara 5. Kila mpishi anajua yai la kwanza limekwisha.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 juu ya ndege ndogo mpya ilitaka viti vijaribiwe na sanamu ya mtu wa kilo 77, kwa mwendo wa kushuka wa mita 9.4 kwa sekunde. Ni sawa na kuanguka toka mita 4 na nusu. Kiti cha piloti kilipata pigo lililofika mara 19 ya uzito, vya nyuma mara 15. Na mgongo wa ile sanamu, pale kiunoni, haukupaswa kubanwa kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 680. Ili kufaulu, kiti lazima kishuke polepole kinapopigwa: miguu yake ipinde, inywe nguvu, ibaki imepinda. Watu wa JAARS, shirika la ndege la watafsiri wa Biblia kule Marekani, walitengeneza kwa ajili ya ndege zao za porini viti vyenye miguu ya umbo la herufi S. Siku zote S inasimama. Siku ya ajali inajikunja, na zile sentimeta za kujikunja ndizo mgongo wa mtu.

Sasa sponji. Mtu ananunua sponji ya matela sokoni, laini, sentimeta 12, anaiweka juu ya kiti kigumu. Anasema: nikianguka, itanipokea. Kumbe sivyo! Sponji laini inabonyea kwa nguvu ndogo sana. Ndege imekwisha kugonga ardhi, sakafu imeanza kusimama, lakini mtu bado anashuka ndani ya sponji bila kuzuiwa. Sponji ikifika mwisho wake, mtu anakikuta kiti kikiwa kimesimama na yeye bado ana mwendo. Anapigwa zaidi kuliko kama hakuwa na sponji kabisa. Wale waliowahi kuona kamyo inavuta nyingine wataelewa. Kamba ikiwa imenyooka, inavuta vizuri. Kamba ikiwa legelege, kamyo ya mbele inakimbia kidogo, halafu pu! kamba inakatika. Sponji laini ni kamba legelege chini ya mgongo wako. Tena inarudisha: inamrusha mtu juu, mkanda unamkamata.

Inayofaa ni sponji ile nzito ya kurudi polepole, ambayo ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki kidogo kabla ya kujaa. Ilianza mwaka 1966 katika kazi iliyofanywa kwa ajili ya NASA, kwa viti vya ndege, na leo watu wanailalia nyumbani. Kwa mwendo wa taratibu inafuata mwili. Kwa pigo la ghafula inakuwa ngumu. Ina kilo zaidi kuliko ya matela, hatufichi. Lakini sentimeta 5 zake zinapita sentimeta 12 za ile nyingine, na ukiwa na umbo zuri chini yake huhitaji zaidi. Hapa sisi tunachagua: kilo ziondolewe kwenye tiyo, kwenye unene, kwenye mapambo na mifuko ya nyuma ya kiti, zisiondolewe kwenye miguu inayopinda wala kwenye mikanda.

Jambo lingine, na hili ni letu sote tunaopenda kufunga safari na vitu vingi. Tusiweke mzigo mgumu chini ya kiti ambacho kimetengenezwa kushuka. Bidoni au sanduku la vyombo pale chini limekwisha kuharibu kazi yote ya fundi. Kiti kitashuka sentimeta mbili, kitakuta sanduku.

Na moto. Sponji ya matela inashika moto haraka na moshi wake una sumu. Kitambaa na sponji ya ndege vinajaribiwa kwa moto kabla ya kuruhusiwa. Kwa hiyo fundi wa viti vya taksi, hata akiwa hodari namna gani, asipewe kazi ya kiti cha ndege bila mekanisia mwenye ruhusa kuangalia, na bila karatasi za Autorité de l'Aviation Civile.

Mizani

Kiti kikibadilishwa, ndege inapimwa upya. Juu ya nini? Kwa sababu si uzito tu unaohesabiwa, na mahali pa uzito pia. Ndege inaning'inia kwenye mabawa yake sawa na mizani ya dukani inavyoning'inia kwenye kamba. Ukitoa kilo 3 kwenye kiti cha mbele karibu na mabawa, haioni sana. Ukizitoa kwenye kiti cha nyuma kabisa, mbali na mabawa, pua inashuka kidogo. Kilo mara umbali: ni somo la wenzo la mwaka wa tatu.

Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo ya Let 410 ilianguka ikikaribia Bandundu. Watu 20 wakafa, mmoja akapona. Huyo aliyepona alisimulia kwamba abiria mmoja alificha mamba mchanga ndani ya mfuko, mamba akatoka, watu wakakimbilia mbele wote mara moja. Uzito wa ndege haukuongezeka hata gramu moja. Ulihama tu.

Ndiyo maana piloti anawapima abiria, na ndiyo maana anasema: wewe kaa hapa, wewe kule. Tunajua wamama wengine wanaona haya, na baba wengine, hasa wenye cheo, wanakasirika wakiambiwa wapande juu ya mizani mbele ya watu kama mfuko wa mihogo. Tumesikia wanaotaja kilo zao za miaka ya ujana. Piloti hakuulizi ili akucheke. Anaandika namba yako katika karatasi, anaizidisha kwa umbali wa kiti chako.

Kazi ya nyumbani

Kwa wote: chukueni mayai mawili mabovu (mazuri yana bei), mtafute kopo mbili. Katika moja mtie sponji laini ya matela, katika nyingine karatoni iliyokunjwakunjwa ya unene ule ule. Funga yai juu ya kila moja, angusha kopo zote mbili toka mita 2, uandike lililopasuka kwanza na kwa nini.

Kwa mwaka wa tano na wa sita sayansi: kiti A kina kilo 6, sponji laini ya sentimeta 12 juu ya bati gumu. Kiti B kina kilo 8.5, kitambaa kilichovutwa, sponji ya polepole sentimeta 4, na miguu inayoweza kushuka sentimeta 15. Ndege ni ile Cessna yetu, abiria watano, uwanja uko mita 2,300. Tafuteni ni litri ngapi za esanse zinapotea mkichagua B kwa viti vyote vitano, na ni dakika ngapi za kuruka. Halafu mwandike mistari kumi kwa piloti kumwambia achague kipi, na mizigo gani aiache chini. Majibu yafike kwa mwalimu wa fizikia kabla ya Jumamosi, jina na kalasi juu ya karatasi.